Simu yake, yake nani? Kutumia senario kwenye miradi ya teknolojia ya nchi nyingi

Karatasi ya senario ya mradi wetu wa maziwa ilikuwa na mistari minne tu. "Saa 12 asubuhi Mama Neema anafika kituo cha maziwa na lita 8. Karani anaweka ndoo kwenye mizani, mizani inasoma yenyewe. Meseji inaingia kwenye simu yake. Mwisho wa mwezi analipwa kwa simu." Mi ndo nilipewa kazi ya kuigeuza kutoka Kiingereza na kuisoma mbele ya wafugaji, kwenye ukumbi wa parokia huko nyanda za juu, timu ya programu ipo Ulaya inasikiliza kwa leptopu, mfadhili yupo nchi nyingine kabisa, ushirika wa maziwa ndo wenyeji. Nikasoma. Watu wakaitikia kwa kichwa. Halafu mama mmoja aliyekaa benchi la nyuma na mtoto mgongoni akauliza, "Samahani mwanangu, hapo uliposema simu yake, yake nani?"

Kwenye Kiingereza lile swali halipo, lugha yao inaonyesha kabisa kwamba simu ni ya mwanamke. Kwetu "yake" ni ya yeyote. Na pale ukumbini kila mtu alikuwa amesikia simu ya baba, kwa sababu kituoni mwanachama ni baba, namba iliyoandikishwa ni ya baba, hela inaingia kwa baba. Maziwa ya asubuhi yanaenda kituoni. Ya jioni ni ya mama, watoto wanakunywa, jirani anapelekewa, yanayobaki anauza nusu lita nusu lita na hiyo ndo chumvi, ndo daftari, ndo hela ya kikoba. Sasa mradi ulikuwa umeleta tangi la kupoozea na ulitaka kuanza kupokea maziwa ya jioni pia. Yaani meseji ingeanza kumhesabia mume kila nusu lita ya mke wake, na hakuna mtu hata mmoja Ulaya aliyekuwa na nia hiyo, walidhani wanamsaidia yule mama.

Nilikuwa nimeshaliona neno "senario" kwenye maandiko ya miradi mara nyingi sana, ila siku ile ndo nikaelewa kazi yake. Na kwa kuwa naona watu wengi wanalitumia kila mtu na maana yake, ngoja nilifungue.

Senario ni hadithi fupi ya jambo ambalo bado halijatokea, ina mtu, ina mahali, ina saa, ina tukio, na inaandikwa ili watu waibishie. Utabiri unakwambia kitatokea nini, mpango unakwambia tutafanya nini, senario yenyewe inasema tuseme ikawa hivi, sisi tutakuwa wapi? Kwa hiyo haipimwi kwa kutimia. Inapimwa kwa kile ilichokufanya ukione mapema wakati bado unaweza kubadilisha.

Vurugu inaanzia hapa: kuna koo mbili za senario na zote zinaitwa jina moja.

Ukoo wa kwanza unaangalia hali ya hewa, yaani dunia inayouzunguka mradi, bei, sera, siasa, ukame, vita. Huu ulianzia Marekani miaka ya 1950 kwa kina Herman Kahn wa taasisi ya utafiti ya RAND waliokuwa wanawaza vita vya nyuklia, na neno lenyewe waliliazima kwa watu wa filamu. Kampuni ya mafuta ya Shell ikauchukua, na pale London Mfaransa mmoja, Pierre Wack, mwaka 1972 akawaonyesha wakuu wake hadithi kadhaa za soko la mafuta, mojawapo ikiwa ya mafuta kuadimika na bei kupaa. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yao, pipa lililokuwa kama dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Watu husimulia kwamba Shell ilitabiri. Mi naona hilo linapoteza somo lote, maana Wack hakuwa anabashiri, alikuwa anataka wakuu wake wawe wameshaiishi ile siku kichwani kabla haijafika, ili ikifika wasianze kutafutana. Alipenda kutoa mfano wa mto Ganges: mvua kubwa ikinyesha juu milimani, mtu wa bondeni hapigi ramli, maji yanakuja. Wazee wa bonde la Rufiji wangemwelewa bila mkalimani. Kitu ambacho wao pia hawakijui ni mwaka huu mvua itanyesha kiasi gani, na Wack alisisitiza hivyo viwili visichanganywe, yaliyoshaamuliwa na yasiyojulikana.

Ukoo wa pili unaangalia jikoni. Huu ni wa wasanifu wa programu na vifaa, wanaandika hadithi ya mtu mmoja anayekitumia kitu kabla kitu hakijatengenezwa. Miaka ya 1990 watafiti kama John Carroll kule Marekani waliupa jina na utaratibu, ila moyo wake unaonekana mapema zaidi Skandinavia, kaskazini mwa Ulaya, mfano mradi wa UTOPIA ulioanza 1981, wafanyakazi wa viwanda vya magazeti na watafiti walikaa pamoja wakapanga maboksi matupu mezani, hili tuseme ni printa ya leza, ile tuseme ni skrini, halafu wakaigiza siku ya kazi. Mashine zenyewe hawakuwa nazo. Boksi liliwatosha kugundua nani atasimama wapi na kazi ya nani itakufa.

Nimeshakaa kikao cha saa 2 ambacho nusu ya watu walikuwa wanaongelea hali ya hewa na nusu wanaongelea jiko, wote wanasema senario, wote wanashangaa mbona hatuelewani. Ukiwa unaandaa kikao cha namna hii sema mwanzoni kabisa leo tunafanya ipi.

Sasa kwa nini jambo hili liwe kubwa zaidi kwenye miradi ya kimataifa? Kwa sababu watu wanaokaa sehemu moja wana mambo mengi ambayo hawahitaji kuyasema. Ukiniambia "nitumie kwa simu" hapa Tanzania naelewa wakala, naelewa makato, naelewa salio linaweza lisiwepo kwa wakala jioni. Mhandisi aliyeko mbali akisoma sentensi ileile anajaza mapengo kwa kutumia nyumbani kwake, mtu mmoja simu moja namba moja, umeme ukutani muda wote. Mchoro wa mfumo hauonyeshi hayo mapengo, ni viboksi na mishale na kila mtu anakubali. Hadithi yenye saa 12 asubuhi na ndoo ya lita 8 ndo inamfanya mtu aseme subiri kwanza.

Mfano mzuri kuliko yote upo hapohapo kwa jirani zetu Kenya, na watu wengi wanautumia kila siku bila kujua ulianzaje. M-Pesa haikubuniwa kutuma hela nyumbani. Ilikuwa mradi wa Vodafone ya Uingereza, nusu ya fedha za kuanzia zikitoka serikali ya Uingereza kupitia idara yake ya maendeleo ya kimataifa, programu ikaandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, na Kenya walikuwepo Safaricom pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Senario yao ilikuwa hii: mkopaji wa Faulu anapokea mkopo kwa simu na analipa rejesho kwa simu badala ya kubeba noti kwenda kwenye kikundi. Hadithi safi, ina mtu, ina tatizo, ina faida. Oktoba 2005 wakaanza majaribio na wateja mia kadhaa tu, Nairobi na Thika.

Watu wakaichukua wakaipeleka kwingine. Wengine wakawa wanaweka hela kwa wakala asubuhi kabla ya safari na kuitoa wakifika, ili wasisafiri na noti mfukoni. Wengine wakafanya simu kuwa sanduku la usiku kwa hela ya mauzo. Wafanyabiashara wakalipana. Kuna waliomlipia mwenzao rejesho naye akawafanyia kazi fulani. Na upande wa Faulu hadithi ikagoma, maana nguvu ya kikundi ni kukutana na kutazamana usoni, mtu akilipa kwa simu haji kikaoni, na hesabu zao zilizokuwa za mkono zikawa hazikutani vizuri na mfumo. Kilichowaokoa wale watu ni kwamba hawakuitetea karatasi yao. Walikaa wakaangalia waliyoyaona, wakaandika hadithi nyingine fupi kuliko ya kwanza, mtu wa mjini anatuma hela kijijini, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa nchi nzima ikiwa na ujumbe huo mmoja wa kutuma pesa nyumbani.

Halafu angalia upande wa pili. Mwaka 2010 Vodacom na benki ya Nedbank wakaipeleka M-Pesa Afrika Kusini, lengo wateja milioni 10 ndani ya miaka 3. Teknolojia ileile. Mwaka 2016 ikafungwa ikiwa na watumiaji hai kama 76,000. Afrika Kusini watu wengi zaidi tayari walikuwa na akaunti za benki na kadi, masharti ya usajili yalikuwa magumu zaidi, mawakala wachache. Hadithi ya Kenya ilisafirishwa nzimanzima kama vile ndiyo bidhaa yenyewe, wakati hadithi haisafiri hivyo, ni lazima isimuliwe upya na watu wa pale.

Na ipo ile ya pampu za bembea, PlayPump, ambayo mi huwa inaniuma kwa sababu nia ilikuwa njema kabisa. Watoto wanazungusha bembea, bembea inavuta maji, maji yanajaa tangi, mama anafungua bomba. Mwaka 2006 kule Marekani ikatangazwa ahadi ya dola milioni 16.4 na lengo la pampu 4,000 kwenye nchi 10 za Afrika kufikia 2010. Hadithi ilikuwa tamu mno hadi hakuna aliyeibishia. Saa 11 alfajiri maji yanapohitajika watoto wamelala, nani anazungusha? Wakiwa shule? Wakichoka? Gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu mwaka 2009 kwamba ili kufikia watu waliotajwa kwa kila pampu watoto wangetakiwa kucheza saa 27 kwa siku. Kwenye vijiji vingi wanawake watu wazima ndo wakawa wanazungusha bembea ya watoto kwa mikono, wengine wanaona aibu, kazi nzito kuliko pampu ya mkono waliyoondolewa. Wangeandika senario ya saa 24 badala ya ya dakika 5 za mchana, haya yote yangeonekana kwenye karatasi ya bei ya shilingi mia.

Nisiseme mabaya tu. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, ambao zahanati na halmashauri nyingi Tanzania na Kenya wanaingizia takwimu zao, umetoka kwenye ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzao wa Afrika Kusini ulioanza 1994, ukibeba ileile mila ya Skandinavia ya kukaa na mfanyakazi. Kenya ilipoamua kuuweka nchi nzima mwaka 2011 kwa seva moja ya kati, hadithi ya ofisini ilikuwa "afisa takwimu anafungua mtandao anaingiza data". Wilayani mtandao unakatika katikati ya fomu. Basi ikaongezwa njia ya kuendelea kujaza bila intaneti, data inakaa kwenye brauza hadi mtandao urudi, na leo nchi nyingi zinafaidi kitu kilichotokana na intaneti mbovu ya wilayani.

Turudi parokiani, nieleze tulivyofanya baada ya lile swali, maana wengi huniuliza inafanywaje kwa vitendo.

Kwanza tuliitupa karatasi ya Kiingereza. Tukawaomba watu wasimulie jana yao, siyo kesho, jana. Umeamka saa ngapi, nani alikamua, nani alibeba, njiani ulikutana na nani, simu ilikuwa wapi. Hapo ndo tulijua kwamba simu za nyumba nyingi asubuhi hazipo nyumbani, ziko dukani zinachajiwa tangu jana. Ukianza na kesho watu wanakupa wanachodhani unataka kusikia, hasa ukiwa umekuja na gari la mradi. Jana haina mfadhili.

Halafu hadithi mpya ikaandikwa kwa Kiswahili, nusu ukurasa, na ndipo ikatafsiriwa kwenda kwa wahandisi. Huu mwelekeo mi nausimamia kwa nguvu zote. Ukianza na Kiingereza unamfanya mfugaji awe mgeni kwenye siku yake mwenyewe. Na tukaikata hadithi mstari kwa mstari tukiuliza maswali yaleyale, hiki kifaa ni cha nani, nani anakilipia, kisipokuwepo inakuwaje, na nani hatafurahi jambo hili likifanikiwa. Hilo la mwisho ndo linaloumiza, na ndo lenye faida. Karani wa kituo akasema kwa sauti ya chini kwamba mizani ikisoma yenyewe yeye atakuwa mwizi wa kwanza kushukiwa kila ikikosea. Hakuna mchoro ungetupa hiyo.

Siku ya pili tukaingia hali ya hewa. Tuliyoyajua kwa uhakika tuliyaweka pembeni: kiangazi maziwa yatapungua, Januari kila mtu anatafuta ada. Tusiyoyajua tukayabandika ukutani, umeme wa tangi, bei ya maziwa mjini, thamani ya yuro maana fedha za mradi zinakuja kwa yuro na mishahara ni shilingi, na makato ya kutuma hela. Waliokuwa na miradi ya kulipa wakulima kwa simu mwezi Julai 2021 wanakumbuka tozo ya miamala ilivyowakuta, watu wakarudi kwenye pesa taslimu kwa wingi na ripoti za miradi hazikuwa na sehemu ya kuandika hilo. Tukachagua mawili yenye uzito zaidi, umeme na makato, tukayapandanisha, zikapatikana dunia nne, na wafugaji wakazipa majina. Majina yana kazi kubwa. Kule Mont Fleur karibu na Stellenbosch mwaka 1991 na 1992, Waafrika Kusini wa pande zote walipokaa kuwaza nchi baada ya ubaguzi, hadithi zao ziliitwa kwa ndege kama mbuni na flamingo, na Kenya mwaka 2000 kulikuwa na za kwao zikiwemo El Niño, Maendeleo na Katiba, watu wakayashika. Dunia yetu ya giza, umeme hakuna na makato juu, waliiita "Kiangazi Kirefu". Ile ya umeme upo ila makato yapo juu ikaitwa "Maziwa Baridi Mfuko Mtupu". Miezi baadaye mtu anakupigia anasema naona tunaelekea Kiangazi Kirefu, na unamwelewa papo hapo.

Kisha tukauliza ni uamuzi gani unasimama kwenye dunia zote nne. Karatasi ndogo ya risiti kutoka kwenye mizani ilisimama zote nne. Meseji ilisimama mbili. Wahandisi hawakufurahi kwa sababu printa haikuwa kwenye bajeti, ila walikuwa wamesikia wenyewe wakakubali.

Kitu kimoja nikuonye. Kuna mtindo wa kuandika senario tatu, nzuri, mbaya na ya katikati, halafu kikao kinachagua ya katikati na kwenda kula. Hiyo ni namba ileile moja imevalishwa nguo tatu. Na kuna yule "Mama Amina mkulima mdogo" mwenye picha ya kutabasamu iliyotolewa mtandaoni, anatokea kwenye kila andiko la mradi, hana mume, hana deni, hana jirani, anakubali kila kitu. Mtu wa namna hiyo hawezi kukuuliza simu ni ya nani.

Kwenye programu, marekebisho ya kuruhusu watu wawili wa nyumba moja kila mmoja na kadi yake na namba yake yalichukua wiki chache. Kilichochukua muda ni katiba ya ushirika iliyosema nyumba moja mwanachama mmoja. Hilo lilihitaji mkutano mkuu, na kabla yake tukaandika senario nyingine ya haraka, mkutano ukikataa tunafanyaje, jibu likawa tangi lisipokee maziwa ya jioni kabisa, bora likae nusu tupu kuliko kuwapokonya akina mama. Mfadhili alilipinga hilo kwa wiki nzima, mwisho akalikubali kwa maandishi.

Mkutano ulipitisha kwa tofauti ya kura chache, wazee wawili walitoka nje kabla ya kuhesabu. Jioni ya kwanza ya mapokezi nilikuwepo kituoni. Yule mama wa benchi la nyuma alikuja na kidumu, karani akapima, mizani ikasoma lita 3 na nusu, risiti ikatoka. Simu yake ya kitochi alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga pamoja na noti ya elfu mbili, ikatetemeka, akaifungua, akaisoma meseji pole pole mara mbili, akaifunga tena.